Shujaa Mwenye Masikio ya Mume Wangu

Ulikuwa mwaka wa ming'oko. Hapa kwetu, upande wa Kilwa njia ya kwendea Lindi, ukisema hivyo hakuna anayekuuliza tarehe. Mvua ilinyesha ikasahau kuacha, mihogo ikaozea ardhini, mtama ukachipua ukiwa bado kwenye suke, na sisi tukaingia porini na majembe kufukua ming'oko kama ngiri. Kwa asiyeijua, ni mizizi ya porini, myembamba kama vidole vya mtoto, inachemshwa kwa chumvi na kumenywa huku unakula. Asubuhi tuliila na chai ya rangi. Mchana tuliila na dagaa. Jioni tuliila na maneno. Ndiyo mwaka ambao mume wangu, marehemu wa siku nyingi, alianza kuruka angani.

Aliyemrusha ni mjukuu wangu. Mjukuu huyu nimemlea mimi tangu hajaota meno, na leo anakaa Dar es Salaam na anakula kwa kuchora. Sio kuchora kuta za saluni. Anachora vijarida vya katuni, vile vya shujaa mwenye nguvu kuliko watu, anayetokea kwa toleo, leo la kwanza, baada ya wiki chache la pili. Nasema kwa kujigamba na sioni haya: ukoo wetu una waliosoma mpaka wakavaa miwani, lakini aliyetoa kitabu kikauzwa ni huyu, niliyemwachia mimi kipande cha mkaa achafue ukuta wa jiko langu.

Alipopewa kazi ya kubuni shujaa alinipigia simu.

“Shikamoo bibi. Naomba uso wa babu.”

“Marahaba. Uso wa babu yako uko kaburini.”

“Ninao kwenye picha. Naomba ruhusa tu.”

Kwetu bibi na mjukuu ni watani. Tangu mdogo namwita mke mwenzangu, na babu yake alikuwa mume wetu sote wawili, mimi wa kumpikia, yeye wa kubebwa mabegani. Kwa hiyo haki ya kuomba alikuwa nayo. Nikampa uso, ila nikaweka sharti moja: hakuna jambo litakalompata mume wetu kwenye karatasi kabla mimi sijaliona na kusema ndiyo. Akaapa. Ndivyo nilivyopata cheo cha kukagua katuni, mimi niliyeishia darasa la pili na kuongezea ngumbaru ukubwani. Herufi nazijua zote, ila zinanijia mojamoja kama wageni wa harusi, kila moja mpaka niisalimie.

Karatasi zilikuja kwa basi, ndani ya bahasha ya kaki. Nilizisoma barazani kwa sauti, kidole kikitangulia, na msikilizaji wangu alikuwa mtani wangu mwingine, mwanamke wa Kipatimu aliyeolewa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Yeye ni wa milimani na ni wa misheni, mimi ni wa pwani na ni wa msikitini, na tunatukanana kila siku ya Mungu bila kukosana, kwa sababu watu wake na watu wangu ni watani tangu zamani.

Toleo la kwanza nilikuwa na mengi ya kusema. Mchana shujaa ni fundi baiskeli, hapo sawa, mume wangu alikuwa fundi baiskeli. Ikitokea shida anavua ovaroli, na chini yake kuna nguo ya buluu imembana kama ganda la muhogo. Shingoni amefunga kikoi, eti ndicho kinachomsaidia kuruka. Kikoi! Kikoi kazi yake ni kiunoni. Na kifua alichopewa, mimi nimelala ubavuni mwa mtu yule miaka mingi, kifua kile sikukutana nacho.

“Ulimnyima chakula wewe,” mtani akasema. “Kafika peponi, kalishwa, kanenepa. Tazama.”

Nguvu zake ziko masikioni. Masikio yalikuwa makubwa kweli, hilo mjukuu hakuongeza kitu. Kwenye katuni anasikia kilio cha mtu yeyote kuanzia Lindi mpaka Dar es Salaam, kikoi kinapepea, huyo. Nikampigia mjukuu kumwambia kuwa hapo amedanganya umma. Masikio yale yale nilikuwa nayaita kutoka jikoni yakanisaidie kuchota maji, hayasikii. Nikiyaita kula, yanasikia kabla sijafunua chungu.

“Bibi, hiyo nzuri,” akacheka. “Naiandika.”

Na kweli, toleo la pili shujaa aliitwa kuchota maji akajifanya hasikii. Nilifurahi kuona neno langu limepigwa chapa. Lakini toleo lenyewe lilinichosha. Anapigana na jitu la mabati kuanzia ukurasa wa tatu mpaka wa kumi na nne, hakuna aliyekunywa hata maji, na wote wawili wanaongea muda wote. Mimi nimeona watu wakipigana, pale soko la samaki nimeona wengi. Anayepigana kweli haongei. Pumzi ataitoa wapi?

Toleo la tatu lilikwenda Songo Songo. Jitu fulani la baharini lilijizungusha kwenye bomba la gesi, shujaa akalifungua fundo kwa mikono. Kisiwa alikichora vizuri, boti zake, nyumba zake, nyavu zimeanikwa. Ila wavuvi wote aliwavalisha viatu vya ngozi. Nikamuuliza, hawa wanakwenda kuvua au kuoa? Akasema katuni za nje anazojifunzia, kila mtu ana viatu.

Toleo la nne ndilo lililoleta ugomvi. Ukurasa wa sita katokea msichana wa mjini, mwandishi wa habari, miwani, kiuno chembamba kama cha dondola. Ukurasa wa nane shujaa kamshika mkono. Nilisoma mara mbili nikidhani kidole changu kimeruka mstari. Nikampigia mjukuu papo hapo.

“Mke mwenzangu, huyu wa miwani ni nani?”

“Bibi, ni mwandishi wa habari tu.”

“Habari zinaandikwa na mkono ulioshikwa?”

“Bibi jamani, shujaa lazima awe na mpenzi. Wasomaji wanataka.”

“Wasomaji hawajamfulia mashuka.”

Toleo la tano msichana alihamishiwa Dodoma kikazi. Hakurudi tena.

Lakini nisije nikaonekana mtu wa kulalamika tu. La sita lilinishinda. Basi limekwama kwenye tope, njia ya Kipatimu, na ndani kuna mama ana uchungu wa kuzaa. Shujaa anafika. Nikadhani atalibeba basi begani kama alivyozoea. Hakulibeba. Alikunja ile nguo yake ya buluu mpaka magotini, akaingia kwenye tope na wale abiria, akasukuma. Kiatu kimoja kikabaki topeni. Akawa anachechemea, mguu wa kushoto, vile vile alivyochechemea mume wangu maisha yake yote. Mjukuu alikuwa hajawahi kumchora akichechemea, alikuwa anamwonea haya. Sikusoma tena siku ile, niliziweka karatasi chini ya mkeka. Mtani akasema, “Hiyo barabara yetu hiyo. Hata wenye kuruka wanakwama.”

La saba na la nane zilikuwa za kupita. Mapigano, mabati, mengine siyakumbuki.

La tisa halikuja kwa basi. Alilileta mwenyewe. Ilikuwa Alhamisi, jua limeanza kupanda, mimi na mtani tuko barazani tunamenya ming'oko, mara namwona mke mwenzangu anashuka kwenye bodaboda na begi mgongoni. Shikamoo, marahaba, umekonda, sijakonda bibi. Akakaa, akala, akasifia, akala tena. Mtu aliyelelewa na mimi siwezi kutomjua: alikuwa anaogopa. Akifanya kosa tangu mdogo husifia chakula.

“Kilete,” nikamwambia.

Akatoa bahasha. Nikaanza kusoma na kidole changu. Ukurasa wa kwanza mpaka wa kumi anapigana. Wa kumi na moja anaanguka kutoka juu. Wa kumi na mbili macho yamefumba. Wa kumi na tatu anazikwa.

Mume wetu kafa.

Mtani akaninyang'anya karatasi. “Afe vipi, na steringi ndiye yeye?”

“Ndiyo mtindo,” mjukuu akasema, macho kwenye sahani. “Huko nje mashujaa wote wanakufa siku hizi. Toleo la kifo ndilo linalonunuliwa. Bosi anasema tusipomuua, wasomaji watachoka.” Akaisukuma sahani. “Bibi, nisipompelekea Jumatatu kazi anapewa mwingine. Kuna kijana mwingine anachora, anasubiri nafasi yangu tu. Lakini niliapa. Sharti lako nalikumbuka. Ndiyo nimekuja.”

Basi jambo lenyewe likawa hilo. Ndiyo yangu, au kazi yake.

Nikazirudia karatasi za mazishi polepole. Na nikianza kuona makosa mimi sijui kujizuia, hata msibani.

“Kwanza, hii mvua ya nini?”

“Ya huzuni, bibi.”

“Na hii miavuli myeusi? Kilwa nzima nani ana mwavuli mweusi? Na hawa wanawake wamesimama kaburini wanafanya nini? Na hili sanduku la misumari? Mume wangu alizikwa kwa sanda, wanaume wakamchukua, mimi nilibaki ndani. Na maua! Umemtupia maua. Angekuwa mbuzi angeshukuru.”

“Nitabadilisha, bibi. Nitatoa mvua.”

“Halafu?”

“Halafu...” Akajikuna. “Halafu anarudi. Toleo la kumi na mbili.”

“Anarudi wapi?”

“Anafufuka. Ni kama hakufa.”

Mtani alipiga kofi paja lake. Mimi nilivua miwani yangu, ile ya kununuliwa sokoni.

“Mke mwenzangu, nisikilize. Mimi mtu huyu nimemkalia eda. Miezi minne na siku kumi, sitoki, sijipaki, sivai cha rangi. Leo unamuua tena, sawa, nakaa eda nyingine? Halafu toleo la kumi na mbili anabisha hodi. Nimwambie nini? Karibu, eda yako iko nusu?”

Mjukuu alicheka mpaka akakohoa, lakini alikuwa anafuta na machozi, na nikajua si ya kicheko peke yake.

Kisha nikaona kosa kubwa, lile ambalo mtu wa kwetu hawezi kulifanya isipokuwa amekaa mjini sana. Nilihesabu sura zote za ule ukurasa wa kumi na tatu. Wote wanalia. Wote wameinama.

“Mtani wake yuko wapi?”

Alikuwa hajamchora.

Siku mume wangu alipokufa, huyu huyu mwanamke wa Kipatimu aliingia nyumbani kwangu hakuna aliyemwita. Nilikuwa nimelia mpaka koo limefunga. Akaenda moja kwa moja kwenye msumari, akalitungua koti la marehemu, akalivaa, akavaa na kofia yake, akaanza kutembea kati ya wafiwa akichechemea mguu wa kushoto. “Mke wangu, chai iko wapi? Nani kachukua spana yangu?” Wanawake wakaanza kutazamana. Jeneza, lile la msikitini la kubebea tu, lilipotaka kutoka, akajilaza mlangoni kizingiti chote. “Huyu haondoki! Baiskeli yangu hajaimaliza! Ataniachia gurudumu moja?” Wanaume wamesimama na jeneza begani, hawawezi kumruka, maana mtani msibani harukwi. Anataka chake kwanza. Akataka jogoo mwekundu. Mimi niliyekuwa nimefunga koo nikacheka, nikacheka mpaka mawifi zangu wakanifinya. Nikasema mpeni. Akapewa, akainuka, akajikung'uta, jeneza likapita. Mpaka leo ukiniuliza ni saa ngapi nilijua mume wangu amekufa, sikwambii ni alfajiri alipokata roho. Nakwambia ni pale jogoo alipotoka mikononi mwa watu wangu akaenda kwa mtani.

“Kwa hiyo hapa,” nikamwambia mjukuu nikigonga karatasi, “hakuna maiti. Kuna watu wamevaa vibaya wananyeshewa.”

Alifikiri. Kisha akafungua begi, akatoa karatasi mpya na kalamu zake. “Sawa, bibi. Namweka mtani. Bibi wa Kipatimu, nionyeshe ulivyolala.”

Hakuhitaji kumwomba mara mbili. Mtani alikwenda kujibwaga kwenye mlango wangu, mzima mzima, kanga yote vumbi. “Nichore upande huu, ule mwingine nimezeeka. Tumbo lipunguze. Babu yako umempa kifua, mimi unipe kiuno.”

“Cha dondola?” mjukuu akamuuliza.

“Hata dondola anionee wivu.”

Akachora. Nilikaa nyuma ya bega lake nikitazama, na sitaficha, moyo ulinijaa. Mvua ikaondoka, miavuli ikaondoka, wanawake wakarudi ndani ya nyumba walipotakiwa kuwa. Wachukuzi wa jeneza wakavaa kofia zao na kandambili. Mtani kalala kizingitini, mdomo wazi, anadai. Hata mimi akanichora, nimesimama ndani, kanga kichwani, na pua yangu hakuipunguza, hana adabu. Ukurasa ulikuwa hai. Nikasikia sauti za watu ndani yake. Toleo lote la tisa halikuwa na karatasi nzuri kama ile, na nilimwambia hivyo, kwa sababu kizuri nikikiona nakisema.

Mtani akainua kichwa kutoka pale chini. “Sasa nimelala. Mfiwa yuko wapi? Changu kiko wapi?”

Mjukuu alikuwa ameacha nafasi tupu chini ya ukurasa, picha moja tu. Akanigeukia na kalamu. Sauti ilikuwa ndogo, ya wakati ule alipokuwa akiniomba ruhusa ya kwenda kucheza.

“Bibi, imebaki hii. Nakuchora unampa kuku. Anainuka, jeneza linapita, nimemaliza. Sema tu ndiyo.”

Watu wote wawili wakanitazama. Kuku wangu naye, kwa kukosa akili, akapita mbele yetu akidonoa maganda.

Nilijua ninachoombwa. Sio kuku. Kuku ningempa mtani siku yoyote, hunilia kuku zangu hata pasipo msiba. Nilitazama vidole vya mjukuu wangu, wino mpaka kwenye kucha, nikafikiri chumba chake cha Dar es Salaam na huyo kijana anayesubiri nafasi yake. Kazi yake ilikuwa imelala pale mlangoni pamoja na mtani. Nikatazama na ile sura kwenye jeneza, aliichora imefunuliwa ili msomaji aione, masikio yamechomoza kwenye sanda. Yule wa kweli nilimwachia aende, na aliondoka kwa haki zote. Huyu wa karatasi alikuja kwangu mwaka wa njaa, ndani ya bahasha ya kaki, akajifunza kuchechemea, akajifunza kujifanya hasikii. Kwa nini nimtoe?

“Mume nilimzika mmoja, akatosha,” nikasema. “Huyu simziki.”

“Bibi!”

“Wala kuku simtoi.”

“Basi na mimi siamki,” mtani akasema, akajiweka vizuri, mkono chini ya kichwa. “Nimezoea. Nileteeni mto.”

Mjukuu alishika kichwa. Akautazama ule ukurasa, nafasi tupu chini, jeneza limesimama, mtani kalala, mfiwa kakunja mikono. Simu yake ikaita. Alikuwa bosi wake. Akaiweka sauti ya juu, nadhani alitaka na mimi nisikie anavyogombezwa.

“Mzigo umeiva?” bosi akauliza. “Jamaa kashazikwa?”

“Bado. Kuna mtu amelala mlangoni, jeneza halipiti.”

“Mtu gani?”

“Mtani wake. Anadai kuku, na mfiwa hatoi.”

Nikasikia magari ya Dar es Salaam yakipita ndani ya simu.

“Sasa inakuwaje?” Aliuliza kama msomaji, sio kama bosi.

“Sijui, bosi. Ukurasa ndiyo umeishia hapo. Jeneza limesimama.” Mjukuu akaniangalia, na mara ya kwanza tangu asubuhi niliona meno yake yote. “Ukitaka kujua, muulize bibi yangu mwenyewe. Yupo hapa.”

“Shikamoo bibi,” sauti ikasema.

“Marahaba.”

“Bibi, wewe ndiye unayezuia mazishi? Hebu niambie mwenyewe, umesemaje?”

Nikaisogelea simu, mdomo karibu kabisa, asije akasingizia mtandao.

“Mume nilimzika mmoja, akatosha. Huyu simziki.”